Likizo ya Wajapani Nyumbani Kwangu

7 Juni 1976

Leo mkutanoni Ndugu Emmanueli, katibu tarafa, ametutangazia kwamba mwezi wa nane tutapata wageni. Mjapani anayefunga mitambo kwenye kiwanda cha korosho huko Mtwara anamleta mkewe na watoto wake wawili wadogo kutoka kwao, nao wanataka kupumzika wiki mbili pwani.

"Pwani ipi?" mzee mmoja akauliza.

"Nalongo."

Watu wakageuka kunitazama. Nalongo imebaki nyumba moja tu yenye paa, nayo ni yangu.

9 Juni

Siku mbili sijala vizuri. Niandike labda hasira itapungua.

Walipokuja kutuhamisha Nalongo, mwaka wa sabini na nne, walisema ni kwa usalama wetu: vita vya Wareno ng'ambo ya Ruvuma vinaweza kuvuka mto wakati wowote. Tukapakiwa kwenye lori na vyungu vyetu na kuku wetu, tukamwagwa huku porini, wakapaita Azimio. Nyumba za makuti zikachomwa ili tusiwe na pa kurudia. Yangu iliponzwa na mabati yake: wakaifanya stoo, kisha wakaitia kufuli. Marehemu mume wangu Rashidi aliipaua nyumba ile mimi nikiwa na mimba ya Mwanakombo, kwa jasho la kubeba magunia bandarini. Magunia hayohayo ndiyo yaliyomuua.

Sasa Wareno wameondoka Msumbiji. Mwaka jana nilimwendea Selemani, mwenyekiti wetu, ambaye ni mdogo wake marehemu. Nikamwuliza, vita vimekwisha, mbona haturudi?

Akasema, "Shemeji, huku tumefuata shule, zahanati na bomba."

Shule ina ukuta mmoja. Zahanati ni kibao kilichopigiliwa mtini. Bomba lilitoa maji siku ya kufunguliwa, mbele ya wageni.

15 Juni

Kamati ya mapokezi imeundwa. Nimetiwa humo kwa sababu nilipokuwa msichana niliwahi kupika kwenye nyumba ya wageni Mikindani. Nimekabidhiwa ufunguo. Nimeamriwa kuipaka chokaa nyumba yangu ili walale watoto wa watu wengine. Selemani alinisomea majukumu hayo bila kuinua macho.

22 Juni

Mjapani amekuja kukagua. Anaitwa Bwana Tanabe. Mfupi, mkavu, shati limenyooshwa kama la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Kiswahili chake ni cha kiwandani, maneno ya kuamrisha na ya kuuliza tu. Alipima mlango kwa futi ya chuma. Alipima kisima. Alipima hata umbali wa kutoka barazani hadi majini, akasema mtoto wake wa kiume ana miaka miwili na hukimbia.

"Mamba hapa?"

"Mamba wako mtoni, si hapa," akajibu Ndugu Emmanueli.

"Nyoka?"

"Hakuna."

Nilicheka. Nyoka wapo. Bwana Tanabe akanitazama, kisha akamwuliza katibu, "Nyumba ya nani?"

"Ya kijiji."

Akaridhika, akaendelea kupima. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na ndoo ya chokaa kichwani.

30 Juni

Upepo wa kusi. Vumbi. Nimesugua sakafu.

4 Julai

Kamati imegombana asubuhi nzima juu ya chakula cha watoto wa Kijapani. Ndugu Emmanueli anasema mgeni wa nje ni mgeni wa nje: viazi, nyama ya kopo, maziwa ya kopo, na kitanda chenye godoro nene. Dada yangu Zainabu akauliza kama kuna mtu aliyemwuliza Mjapani mwenyewe. Akaambiwa asilete maneno ya sokoni kwenye kamati.

Mimi nikasema huu ni msimu wa pweza, tuwape pweza. Ndugu Emmanueli akakunja uso. "Mama Mwanakombo, unataka watoto wa mtaalamu wapewe mdudu?"

Seremala ameagizwa atengeneze kiti cha mbao cha kuweka juu ya choo cha shimo. Wanakijiji watachanga mbao. Darasani watoto wetu wanakaa chini.

5 Julai

Mbao zimepatikana. Zilikuwa za shule.

13 Julai

Nitaandika yote.

Jana alfajiri Salma, binti yangu mdogo wa miaka miwili, alipata homa. Jua lilipotoka akashikwa na degedege. Macho yalimgeuka, taya zikakaza, mwili ukawa kama ukuni. Nilimbeba nikakimbia hadi ofisi ya kijiji maana Landrova ya tarafa ilikuwa imeegeshwa pale. Petro dereva alikuwa akifunga kamba juu yake, anakwenda Mtwara kuchukua magodoro ya Wajapani. Zahanati ya kweli iko njiani. Angenishusha tu.

Petro alifungua mlango. Ndugu Emmanueli akatoka ofisini, akaufunga.

"Gari hili lina ratiba," akasema. "Nikianza kubeba wagonjwa, kijiji kizima kitapanda."

"Mtoto anakufa, Ndugu Katibu."

"Usiseme hivyo. Mkandeni kwa maji."

Selemani alikuwa mlangoni. Baba mdogo wa mtoto huyu. Nikamwita kwa jina, sikumwita shemeji wala mwenyekiti. Nikamwambia, "Selemani, sema neno." Akafungua mdomo, akaufunga. Akawa anatazama tairi la gari. Landrova ikaondoka tupu. Viti vya nyuma vilikuwa vitupu, niliviona kwa macho yangu.

Tulikwenda kwa miguu, mimi na Zainabu, tukipokezana mtoto. Njiani alishikwa tena. Zainabu alikuwa akisoma Yasini kwa sauti na mimi nikamfokea anyamaze, kwa sababu Yasini husomewa anayekata roho. Jua lilikuwa utosini tulipofika. Nesi anaitwa Magreth, mtu wa Songea, hana maneno mengi. Alimchoma sindano, akamlaza kwenye kanga yenye maji. Kisha akatuuliza kwa ukali kwa nini tumechelewa. Ningesemaje? Kwamba gari lilikwenda kuleta magodoro?

Salma amefumbua macho leo asubuhi, ameomba uji.

14 Julai

Tumerudi Azimio. Mke wa Selemani aliniletea unga. Nimemrudishia.

16 Julai

Nawachukia wale Wajapani, ingawa sijamwona mwingine zaidi ya mmoja. Najua si wao walioufunga mlango wa gari. Nawachukia hivyohivyo.

25 Julai

Vitanda vimefika. Magodoro yamefika, bado yamo ndani ya nailoni. Nimeyapanga chumbani kwangu na Rashidi. Kisha nikakaa chini, nikaegemea ukuta. Nyumba imekuwa nyeupe, inapendeza. Nikajiuliza mimi ni mtu wa namna gani, ninayeng'arisha kitu changu ili nikabidhi.

2 Agosti

Nimemwambia Zainabu ninachotaka kufanya. Akasema, "Watakufunga." Baadaye akasema, "Nitakuja na wewe."

8 Agosti

Tumehamia. Mimi, Mwanakombo, Salma na Zainabu, na mikeka yetu, chungu na jogoo. Wala hatukuvunja mlango, ufunguo walinipa wenyewe. Salma hakumbuki kuwahi kukaa hapa. Mwanakombo alikwenda moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba, akarudi akasema mpapai wake umekufa.

9 Agosti

Wamekuja leo alasiri. Landrova ilisimama mbele ya nyumba na mimi nimekaa barazani nimenyoosha miguu.

Ndugu Emmanueli alishuka kwanza. Alifikiri nimekuja kupokea. Alipoona mikeka yetu na jogoo amefungwa mguu, uso ukambadilika.

"Mama Mwanakombo, hivi vitu vya nani?"

"Vyangu. Na nyumba yangu. Karibuni wageni."

Akaanza kunifokea kwa sauti ya chini, meno yamefungwa, ili wageni wasisikie. Kibaraka, mpinga maendeleo, nitalala rumande. Bwana Tanabe alikuwa ameshashuka. Akasimama kati yetu, akatoa karatasi mfukoni, akaitazama, akaitazama nyumba.

"Katibu alisema nyumba tupu," akaniambia. Alikuwa amekasirika, tena kunikasirikia mimi. "Mimi napanga miezi sita. Mke anatoka mbali sana. Nyumba tupu, alisema."

"Haikuwa tupu," nikamwambia. "Ilitolewa watu."

Sijui kama alielewa. Mkewe aliuliza kitu garini. Akamjibu. Akauliza tena, akajibiwa kirefu zaidi. Kisha mwanamke yule akashuka, na lo, ni mdogo kuliko nilivyodhani, amebeba mtoto wa kiume mgongoni kwa mbeleko kama sisi, na mkono amemshika binti wa miaka mitano aliyejitapikia nguo nzima. Akamgeukia mumewe, akamsema. Sijui alisema nini, lakini sauti ile naijua. Miaka miwili hajamwona mumewe, na alichoandaliwa ni hiki. Bwana Tanabe akainamisha kichwa.

Mwanamke akaja hadi barazani, akavua viatu, akamvua binti viatu, akanipita, akaingia ndani. Alichagua chumba kikubwa. Hakuniomba.

Ndugu Emmanueli akamfuata mbio kumweleza. Mwanamke akageuka, akanyoosha kidole kwenye buti zake. Akakinyoosha tena, kuelekea nje. Katibu tarafa akarudi nyuma, hatua kwa hatua, akatoka kwenye mlango wangu kama kuku aliyefukuzwa kwenye mchele. Ningecheka kama nisingekuwa na hofu.

Alipokuwa akipanda gari aliniambia, "Wageni wakiondoka, tutaonana."

10 Agosti

Basi ndivyo ilivyo. Wapo ndani, Ndugu Emmanueli hawezi kunigusa, maana ataaibika mbele ya mtaalamu. Ninaowachukia ndio ngao yangu. Nimemwomba Mungu wasiondoke mapema, na dua hiyo imenikera.

11 Agosti

Vitanda viko nje. Mwanamke amevitoa na mumewe, wamelaza watoto kwenye majamvi chini. Magodoro yaliyofuatwa na gari siku ile yamesimamishwa ukutani uani, jogoo analala juu yake.

13 Agosti

Nimegombana na mke wa Tanabe. Kila jioni anachota maji ya kisima ndoo kwa ndoo, anayachemsha kwa kuni zangu, anawaogesha watoto, kisha anamwaga. Nilimnyang'anya ndoo. Akaivuta. Tukavutana uani, kila mtu anasema kwa lugha yake, na nina hakika tulikuwa tunatukanana sawasawa. Zainabu alitutenganisha. Baadaye mwanamke akaja na kuni kavu alizookota mwenyewe ufukweni, akazitupa mbele yangu. Hakuziweka. Alizitupa.

Nimemwachia ndoo.

15 Agosti

Nyama ya kopo hawaili. Viazi vinaota. Leo maji yalikupwa sana, mimi na Zainabu tukashuka mwambani na mikuki yetu tukarudi na pweza. Mke wa Tanabe alipowaona aliruka kama msichana. Akanipokonya mmoja, akamsugua kwa chumvi, akamchemsha kidogo tu, akamkata vipande vyembamba. Wamekula wote wanne hadi wamelamba vidole. Binti yao, Keiko, akamwachia kipande Mwanakombo, kisha akabadili mawazo akamng'ata mkono apate kumnyang'anya. Alama za meno zinaonekana hadi sasa. Mama yake alimsimamisha mbele ya mwanangu, akamshika kisogo, akamwinamisha mpaka akalia. Mwanakombo naye akalia.

Ndugu Emmanueli hajawahi kumwinamia mtu kwa ajili ya Salma.

18 Agosti

Salma na kale ka Shinji, mdogo wake Keiko, wanakimbizana uchi ufukweni. Sikutaka kuandika hili.

20 Agosti

Petro dereva alileta mchele, akazungumza na Bwana Tanabe nyuma ya gari. Nadhani alimweleza yote, ya kuhamishwa na ya siku ya magodoro, maana Mjapani alikuja barazani baadaye, akakaa mbali kidogo nami.

"Mama. Mimi sikujua."

"Uliuliza," nikamwambia. "Lakini hukuniuliza mimi. Ulimwuliza yeye, nami nimesimama hapo."

Halafu akasema, "Pole sana." Sikuitikia. Pole haiezeki nyumba wala haibebi mgonjwa. Lakini alikaa pale mpaka saa ya magharibi, aliposikia Zainabu anainuka kutawadha, naye akaenda kuwaita watoto wake.

23 Agosti

Wameondoka asubuhi. Mbele ya Ndugu Emmanueli, Bwana Tanabe alisema kwa sauti, "Mwaka kesho tunakuja tena. Mama huyu awe hapa." Ndugu Emmanueli akatabasamu, akasema bila shaka, bila shaka. Mke wa Tanabe hakuniaga kwa maneno. Alisimama mbele yangu, akainama, akabaki ameinama muda mrefu kuliko nilivyojua la kufanya. Nikasema, "Haya, nendeni salama." Nilimwambia yeye na watoto. Mumewe ajitafutie.

24 Agosti

Wamekuja mgambo, na Ndugu Emmanueli, na Selemani nyuma yao amebeba fimbo yake.

"Unatoka leo," akasema katibu. "Nyumba hii sasa ni ya kupumzikia wageni wa tarafa. Umetupa wazo zuri wewe mwenyewe kwa chokaa yako."

Nilikuwa nimejiandaa kulia, kilio hakikuja. Nikamwuliza, "Kuta ni za nani?"

"Udongo ni mali ya taifa."

"Sawa. Chukua udongo."

Nikaegemeza ngazi. Zainabu akaishika. Nilipanda juu ya nyumba ya Rashidi na nyundo na msumeno wa chuma, nikaanza kung'oa misumari. Mabati yamekula chumvi ya bahari lakini bado mazima. La kwanza nililiachia likaanguka chini kwa kishindo na mgambo wakaruka.

"Mshusheni!" Ndugu Emmanueli akapiga kelele.

Mgambo wakatazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumshika mguu mjane wa watu juu ya paa. Nikaendelea. Nilikuwa nasema, sijui nilikuwa namwambia nani, "Haya aliyabeba mgongoni, haya aliyabeba mgongoni." Mwanakombo alikuwa chini anayapanga. Ndugu Emmanueli akasema nitajibu mbele ya mkutano, akaondoka na gari, mgambo wakamfuata kwa miguu. Selemani akabaki, amekaa juu ya kitanda cha Wajapani kule uani. Hakunisaidia. Hakunizuia.

Kutoka juu niliona chumba changu chote kwa ndani, cheupe, jua limekipiga kila kona.

27 Agosti

Mabati yote yamefika Azimio, kwa vichwa vyetu na kwa baiskeli ya kuazima. Zainabu ana kidonda begani. Ramadhani inaingia.

2 Septemba

Tumeezeka. Majirani wanapita polepole kutazama. Wengine wanasema nina kiburi. Waseme.

5 Septemba

Mkutano ulikuwa leo. Ndugu Emmanueli alikuwa na wazee wawili wa chama kutoka mjini. Akanisimamisha mbele ya watu, akanyoosha mkono kuelekea paa langu, linaloonekana kutoka popote Azimio.

"Ndugu wananchi, mali ya kijiji imeibwa mchana kweupe. Mwenyekiti, waambie wageni mabati yale ni ya nani."

Selemani akainuka. Amekonda mwaka huu. Nilikuwa nimeshajiandaa kumsikia, kwa kuwa nimemsikia siku zote.

Akasema, "Ni ya kaka yangu Rashidi."

"Mwenyekiti, fikiri vizuri."

"Tuliyapandisha pamoja, mimi na yeye. Nina kovu hapa kwenye kiganja. Nimefunga leo, Ndugu Katibu, sitaki kusema uongo nikiwa nimefunga." Akakifumba kiganja. "Na siku ile gari lilipokataa kumbeba mtoto wake, nilipaswa kusema. Sikusema. Basi leo nasema."

Mzee mmoja wa mjini akauliza, "Gari gani hilo?" Ndugu Emmanueli akaanza kueleza kuhusu ratiba, na kadiri alivyoeleza ndivyo watu walivyozidi kuguna. Zainabu akasimama akaeleza njia yote, kuanzia ofisini hadi kwa nesi Magreth. Alieleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi.

Wazee wale hawakuamua chochote. Walisema watalipeleka suala ngazi ya juu. Lakini paa halikuguswa. Ila Selemani ameambiwa akabidhi muhuri wa kijiji kesho asubuhi, na Ndugu Emmanueli amerudi mjini kwenye gari lake, kiti cha mbele, kama kawaida.

Sijamsamehe Selemani. Nilipokuwa nikipakua futari nilifikiria sana. Salma alikuwa akiula muhogo kwa mikono miwili, na Zainabu ananitazama. Nikamtuma Mwanakombo ampelekee baba yake mdogo bakuli la uji, mihogo, na samaki. Samaki mmoja. Mdogo.